Pufya: Ukiwa chini ya miaka 18 sheria inakukinga, ila kinga yenyewe ina mashimo

TUSEME wewe ni msee wa miaka 17, uko Form Three katika shule moja ya Kiirua, eneo la Buuri, kaunti ya Meru. Mbio ulizianza kitambo kabla hujajua zina pesa: kwenda shule, kurudi, kutumwa dukani. Mwalimu wa michezo amekuona. Ukifanya vizuri kwenye mashindano ya kaunti utaenda ya kanda, na huko ndiko maajenti huja na daftari zao. Wiki ya mbio, kifua kinakubana. Mathe anakutuma kemisti, unapewa tembe kadhaa kwenye bahasha ya khaki isiyo na jina la dawa. Unameza, unapata nafuu, unakimbia, unashinda. Ukishuka jukwaani mtu mwenye kitambulisho shingoni anakuambia umechaguliwa kupimwa.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kila hatua yake inawezekana kabisa. Swali ni hili: majibu yakija na dawa iliyopigwa marufuku ndani yake, sheria itakutazama kama mtoto au kama mwanariadha?

Jibu ni kwamba itakutazama kwa macho yote mawili. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na mtoto ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hayo hayo. Kwa upande wa pili kuna Sheria ya Kupambana na Pufya ya 2016, iliyounda shirika la ADAK na kuipa Kanuni ya shirika la dunia, WADA, nguvu hapa nchini. Kanuni hiyo ina nafasi ya mtoto, ila nafasi yenyewe ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Anayeijua anaweza kutoka na onyo tu. Asiyeijua anaweza kwenda nyumbani miaka minne kwa kosa lile lile.

Mkojo haujui umri

Tuanze na habari mbaya. Kanuni ya kwanza ya pufya ni kwamba kilichopatikana mwilini mwako ni chako. Haijalishi nani alikupa, haijalishi hukujua. Dawa ikionekana kwenye sampuli, kosa limetendeka, na matokeo ya mbio hizo yanafutwa papo hapo. Medali inarudi, zawadi inarudi. Hapo hakuna cha miaka 12, 17 wala 40.

Ndiyo maana ile bahasha ya khaki ni hatari kuliko inavyoonekana. Chukua prednisoloni, tembe za bei nafuu ambazo watu hupewa kwa pumu, mzio na kifua. Kuzimeza si kosa wiki nzima, lakini ni marufuku kipindi cha mashindano, na kipindi hicho huanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku ya mbio. Tangu Januari 2022, hata sindano za jamii hiyo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, popote zitakapodungwa. Moja yake, triamsinoloni, ikidungwa kwenye msuli, WADA inashauri usubiri siku 60 kabla ya kushindana. Siku 60! Kitengo cha Uadilifu wa Riadha duniani, AIU, kilisema wanariadha 10 wa Kenya walikutwa na dawa hiyo kati ya 2021 na 2022, ilhali kwa mataifa mengine yote visa vilikuwa viwili tu.

Tabia ya kushiriki dawa nyumbani nayo ina gharama. Ruth Chepngetich, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:09:56 mjini Chicago mnamo Oktoba 2024, alipopatikana na haidroklorothiazidi alisema alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. AIU iliona huo ni uzembe wa kiwango cha kukusudia. Adhabu ikaanzia miaka minne, ikapunguzwa hadi mitatu kwa sababu alikubali kosa mapema. Huyo ni mtu mzima, bingwa wa dunia wa 2019, mwenye meneja na wakili. Sasa fikiria kijana wa bweni anayekopa tembe kwa deskimeti.

Nani hasa analindwa?

Habari njema ni kwamba Kanuni ya WADA ya 2021, ambayo Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka wa 2020 ili iendane nayo, ina kundi linaloitwa Mtu Anayelindwa. Kuingia kundi hili kunategemea umri wako siku kosa lilipotendeka.

Kama hujafikisha miaka 16, uko ndani moja kwa moja. Ukiwa na 16 au 17, uko ndani kwa masharti mawili: hujawekwa kwenye ile orodha maalumu ya wanariadha wanaopaswa kuripoti walipo kila siku ili wapimwe, na hujawahi kushiriki mashindano ya kimataifa ya wakubwa. Mashindano ya kimataifa ya chipukizi, kama yale ya Dunia ya chini ya miaka 18 yaliyofanyika Kasarani 2017, hayakutoi. Anayekosa uwezo wa kisheria wa kujiamulia pia analindwa, hata akiwa na umri mkubwa.

Hapo ndipo shimo la kwanza lilipo. Kijana wa 17 anayepelekwa haraka kukimbia na wakubwa kwenye mashindano ya kimataifa, pengine kwa sababu kuna chapaa, anaweza kuacha ulinzi wake kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege bila mtu kumwambia. Kwa macho ya Katiba bado ni mtoto. Kwa macho ya Kanuni, kwenye suala la adhabu, ameshahesabiwa na wakubwa.

Shimo la pili ni vyeti. Sote tunajua mchezo wa kupunguza au kuongeza miaka unavyochezwa. Aliyeongezewa umri ili apate pasipoti au nafasi kwenye timu atasimama mbele ya jopo akiwa na karatasi inayomwita mtu mzima. Aliyepunguziwa atajikuta akijibu swali la udanganyifu juu ya swali la dawa. Karatasi ya kuzaliwa, ambayo wengi huikumbuka tu wakati wa kusajili mtihani, ndiyo inayobeba kesi nzima.

Na kwa wote, ulinzi huisha siku ya kutimiza miaka 18, hata kama maisha hayajabadilika chochote. Kipyegon Bett alikuwa na miaka 18 aliposhinda dhahabu ya mita 800 ya dunia ya chini ya miaka 20 mjini Bydgoszcz, Poland, 2016. Mwaka uliofuata akapata shaba ya wakubwa London. Mwaka wa 2018, akiwa na miaka 20, akafungiwa miaka minne kwa EPO. Hakurudi tena kileleni, na Oktoba 2024 akafariki akiwa na miaka 26. Kisheria alikuwa mtu mzima na alihukumiwa hivyo. Lakini kutoka kuitwa chipukizi wa dunia hadi kufungiwa ilikuwa miaka miwili tu, na ndani ya miaka hiyo miwili kijana wa kijijini hutakiwa awe amejifunza dawa, mikataba, maajenti na pesa, yote kwa pamoja.

Ukiwa ndani unapata nini?

Mtu Anayelindwa hupata nafuu kadhaa, na ni vizuri uzijue kwa majina yake ya kawaida.

Kwanza ni adhabu. Mtu mzima akikutwa na dawa nzito kama EPO au steroidi za kujenga misuli huanza na miaka minne. Wewe, ukionyesha kwamba hukuwa na kosa kubwa, adhabu inaweza kuwa popote kati ya onyo tu na miaka miwili. Ukikataa kupimwa, ambako mtu mzima angepewa miaka minne, kwako pia ni kati ya onyo na miaka miwili.

Pili ni ushahidi. Mtu mzima anayedai hakuwa na kosa kubwa lazima aonyeshe dawa iliingiaje mwilini. Wewe huhitajiki kuthibitisha hilo unapoomba nafuu hiyo.

Tatu ni jina. ADAK hailazimiki kumtangaza hadharani mtu ambaye hakuwa amefikisha miaka 18. Ikiamua kutangaza, lazima kuwe na uwiano na hali ya kesi. Hapa Kanuni inakutana vizuri na Sheria ya Watoto. Tatizo ni kwamba Kanuni haina mamlaka juu ya grupu za WhatsApp za kijiji.

Nne ni namna ya kupimwa. Ukiwa chini ya miaka 18 unapaswa kuwa na mtu mzima wako, mwakilishi, tangu unapoarifiwa hadi unapotia sahihi. Mwakilishi huyo hakutazami ukikojoa, isipokuwa wewe mwenyewe uombe. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba afisa anafanya kazi yake sawasawa. Una haki ya kuuliza maswali na kuandika malalamiko kwenye fomu. Ukitia sahihi fomu usiyoielewa, kesho utaambiwa ulikubali kila kitu kilichomo.

Kesi ya Urusi ambayo kila kijana wa Kenya anafaa kuijua

Mtu akikuambia ukiwa mtoto hawawezi kukufanya kitu, mtajie Kamila Valieva.

Desemba 25, 2021, Valieva, mchezaji wa kuteleza kwenye barafu wa Urusi, alitoa sampuli akiwa na miaka 15. Ilikutwa na trimetazidini, dawa ya moyo. Februari 2022, akiwa Beijing kwa Olimpiki, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilimruhusu kuendelea kushindana kwa muda, na umri wake ulikuwa sehemu ya hoja. Dunia nzima ikabishana. Upande wake ulieleza kwamba dawa hiyo ilikuwa ya babu yake.

Januari 29, 2024, CAS ikatoa uamuzi wa mwisho: miaka minne. Jopo lilisema alishindwa kuonyesha kwamba hakukusudia, na kwamba kufikia hapo kanuni hazikutoa msingi wa kumtendea tofauti na mtu mzima.

Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu shimo kubwa kuliko yote limo humo. Ulinzi wa mtoto unaanza kufanya kazi kwenye hatua ya pili, ile ya kupima ukubwa wa kosa. Kwa dawa nzito, hatua ya kwanza ni kuondoa dhana kwamba ulikusudia, na mzigo wa kuiondoa ni wako, hata ukiwa na miaka 15. Ukikwama hapo, zile nafuu za hatua ya pili huzifikii kabisa. Unabaki na neno lako tupu dhidi ya karatasi ya maabara.

Trimetazidini hiyo hiyo ilimkuta Lawrence Cherono wetu, bingwa wa Boston na Chicago 2019, mnamo 2022. Julai 2024 akafungiwa miaka saba, kwa sababu juu ya dawa kulikuwa na hati za hospitali ambazo AIU ilibaini ni za uongo. Hapo kuna funzo kwa wale watakaokuja kukuambia kwamba wanajua mtu wa kukutengenezea barua. Kosa moja linageuka mawili, na la pili ni la kwako waziwazi.

Siku 20 za hatari

Kuna kitu kingine kinachopita kimyakimya. Ukishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake inayodaiwa ni miaka minne au zaidi, una siku 20 za kukubali kosa na adhabu, na hapo unapunguziwa mwaka mmoja. Chepngetich alitumia mlango huo. Kwa mtu mzima aliyekosea kweli, ni ofa nzuri.

Kwa kijana wa 17 inaweza kuwa mtego. Barua imekuja kwa Kiingereza cha mawakili. Mzazi amechanganyikiwa, mwalimu anaogopa jina la shule, na kila mtu anataka jambo liishe. Mtu anasema: tia sahihi, minne iwe mitatu. Hakuna aliyeuliza kama kijana huyu ni Mtu Anayelindwa, ambaye kesi yake ikisikizwa vizuri ingeweza kuishia miaka miwili, au hata onyo. Punguzo la mwaka mmoja linaweza kukugharimu miaka yote mitatu.

Kesi hizi husikizwa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na rufaa huweza kufika CAS, Lausanne. Kutoka Kiirua hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Una haki ya kuwa na wakili, lakini kwa gharama yako. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye kesi za pufya methali hii ni ya kweli kwa herufi zake zote: usipojibu barua, uamuzi unatolewa bila wewe.

Muguka, miraa na hesabu ya ajabu

Sasa tuje kwa jambo la huku kwetu. Meru ni nyumbani kwa miraa, Embu ni nyumbani kwa muguka, na serikali inaitambua miraa kama zao la kilimo. Watu wamesomeshwa nayo. Hakuna askari atakayekushika kwa kutafuna hadharani Maua.

Lakini ndani ya jani lile kuna kathinoni, ambayo baada ya kuvunwa hugeuka polepole kuwa kathini. Zote mbili zimo kwenye orodha ya WADA kama vichangamshi vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano. Kathini ina kiwango chake: ikizidi mikrogramu 5 kwa kila mililita ya mkojo, ni kosa. Kutafuna Jumanne si kosa kwa Kanuni. Kutafuna usiku wa kuamkia mbio, au kuingia mbio mabaki yakiwa bado mwilini, ni kucheza na moto.

Na hapa ndipo hesabu inashangaza. Bangi, ambayo ni haramu nchini, Kanuni ya WADA inaiweka kwenye kundi la dawa za starehe pamoja na kokeni, heroini na ekstasi. Mwanariadha akionyesha kwamba alivuta nje ya mashindano na si kwa ajili ya mbio, adhabu ni miezi mitatu, na inaweza kushuka hadi mmoja akikamilisha mpango wa matibabu. Miraa, ambayo ni halali, haimo kwenye kundi hilo. Mtu mzima akikutwa na kathini huanza na miaka miwili, kisha aombe ipunguzwe kwa kueleza hali yake. Kijana wa Mbeere aliyetafuna muguka na marafiki anaanza kujitetea kutoka mbali zaidi kuliko mwenzake aliyevuta bangi.

Hii haina maana bangi ni nafuu kwako. Polisi wa Kenya hawasomi Kanuni ya WADA. Ina maana kwamba orodha ya dunia iliandikwa kwa kufikiria starehe za miji mingine, na Kenya, kama nchi inayolima zao hili, ina sababu ya kulisemea pale Kanuni inapofanyiwa marekebisho. Toleo jipya litaanza kutumika Januari 1, 2027. Hadi hapo, mkufunzi wa kaunti ya Meru au Embu ambaye hajawaambia vijana wake habari za miraa hajawafundisha pufya, hata kama amewasomea kurasa zote za EPO.

Wakubwa wako wapi?

Kanuni imejaribu kuwafuata watu wazima. Kijana anayelindwa akikutwa na dawa, shirika linalohusika lazima lichunguze walio karibu naye, iwe kijana ametaja mtu au hajataja. Mkufunzi, daktari au ajenti atakayepatikana amempa kijana huyo dawa nzito anafungiwa maisha, na taarifa zake zinapelekwa kwa vyombo vya sheria vya kawaida. Sheria ya Kenya nayo inaongeza jela na faini kubwa kwa wanaohusika na kusambaza. Na neno linalotumiwa kwa watu hawa, wasaidizi wa mwanariadha, linamjumuisha mzazi pia. Mathe aliyekupa tembe zake yumo.

Hata hivyo, majina tunayoyajua ni ya wakimbiaji. Zaidi ya Wakenya 100 wamepigwa marufuku kwa miaka hii, na ukiuliza kijana yeyote atakutajia watano bila kufikiri. Muulize akutajie daktari mmoja au mwenye duka la dawa aliyefungiwa, uone kama atapata. Katika kesi ya Valieva pia, aliyeketi kwenye kiti cha mshtakiwa CAS alikuwa msichana, si watu wazima waliokuwa wakimsimamia.

Sababu moja ni rahisi: sampuli ya mkojo inamtaja mwenye mkojo, na kumfikia aliyetoa dawa kunahitaji upelelezi, mashahidi na fedha. Novemba 2022, Kenya ikiwa karibu kufungiwa na riadha ya dunia, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano kupambana na pufya. Kipimo cha pesa hizo kisiwe idadi ya chupa zilizojazwa pekee. Kiwe pia idadi ya watu wazima waliofuatiliwa kila mtoto alipokutwa na dawa. Kama Katiba inasema maslahi ya mtoto yatangulie, kumfungia mtoto na kumwacha aliyemlisha ni kuisoma Katiba nusu.

Ujipange vipi

Kwa aliye shuleni leo na ana ndoto ya kukimbia, mambo machache yanaweza kuokoa miaka yako.

Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa chenye umri wa kweli, na umpe mzazi nyingine. Ukiugua, nenda mahali wanapoandika: Kiirua ipo hospitali ya misheni ya St Theresa, na kwingine kuna vituo vya afya vya kaunti. Sema mapema kwamba wewe ni mwanariadha, na uondoke na karatasi yenye jina la dawa, kipimo na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi ambao Valieva hakuwa nao. Bahasha isiyo na jina irudishe.

Kama una pumu au ugonjwa wa muda mrefu, omba kibali cha matibabu kutoka ADAK kabla ya msimu. Na kama hujafika kiwango cha kitaifa ukapimwa ghafla, Kanuni inakupa nafasi ya kuomba kibali hicho hata baada ya kupimwa. Wengi hawajui hili.

Ukiitwa kupimwa, usitoroke na usikatae. Omba mtu mzima unayemwamini awe nawe, na taja kila dawa uliyotumia siku za karibuni kwenye fomu, hata ya mafua, hata muguka. Barua ikija, hesabu siku 20 kuanzia ulipoipata, na kabla ya kutia sahihi popote mwambie wakili au afisa anayekushughulikia maneno haya: nilikuwa na umri gani siku hiyo, na je, mimi ni Mtu Anayelindwa?

Shule nazo zina kazi. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi katika chuo cha walimu cha Kigari, Embu. Kwa hivyo eneo hili si geni kwa mabingwa, wala kwa walimu wanaofundishwa kulea vijana. Kila shule inayopeleka timu kwenye mashindano ya kaunti inaweza kuwa na mwalimu mmoja anayejua haki za mtoto anayepimwa, kama ilivyo na mwalimu mmoja anayejua kufunga jeraha. Haihitaji bajeti ya mamilioni. Inahitaji alasiri moja, orodha ya WADA iliyochapishwa, na mtu wa kuwaeleza vijana kwa Kiswahili, au kwa Kimeru, kwamba kuna kinga, na kwamba kinga hiyo haitajitokeza yenyewe wasipoiomba.